Naomba ushauri: utalii wa dhahabu ya zamani Chunya

Wakuu, heshima kwenu. Naongoza wageni hapa Mbeya, wengi nawapeleka Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu. Sasa nawaza njia ya Chunya. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ndiyo iliyouzaa mji wetu wa Mbeya miaka ya 1920, ila mgeni anaondoka hata hilo hajaambiwa! Babu aliniachia nyumba Chunya mjini, tofali za kuchoma, bati limeliwa na kutu. Niikarabati iwe ya kulala wageni, au nianze na safari za kwenda na kurudi? Halafu wachimbaji wadogo bado wapo kazini na karasha zao, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nawaingiaje ili wageni waruhusiwe kuangalia? Mashimo ya zamani yaliyoachwa wazi ndiyo yananinyima usingizi. Mwenye uzoefu anisaidie.