Kufagia uwanja kunanituliza kuliko usingizi. Tupeane uzoefu

Bibi wa Ujiji: Wiki hii marejesho ya kikundi yamenibana, mtoto karudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Leo alfajiri nimenyunyiza maji vumbi likalala, nikashika fagio la chelewa za mchikichi, nikaanzia chooni kuja mlangoni. Mwembe wetu (si ule wanaosema Livingstone na Stanley walikutana chini yake, huu aliupanda babu) umemwaga majani kweli. Nilipogeuka nikaona ile mistari ya fagio imelala sambamba kwenye udongo mwekundu, kifua kikafunguka. Wenzangu?

Isevya Tabora: Kweli tupu.

Baba wa Mwanga: Umenigusa, dada. Nilifiwa na mke mwezi wa tatu, mvua ikipiga kila siku. Waombolezaji walipotawanyika sikuweza kukaa ndani. Majani yalikuwa yamefika magotini, nikachukua kwanja nikafyeka toka asubuhi. Majirani wakanong'onezana kwamba nimechanganyikiwa. Nikafika kwenye shina la mchaichai alilopanda karibu na bafu. Kwanja likaligusa pembeni kidogo, harufu ikapanda, ile ile ya chai yake ya jioni. Nikakaa kwenye matope nikalia. Makaburini sikuwa nimelia. Hadi leo kila Jumamosi nalipalilia kwa mkono, silipitishii chuma.

Isevya Tabora: Pole sana mzee wangu.

Mama Kuku: Pole baba. Mimi raha yangu ni jioni, nikikusanya majani na kuyachoma.

Mkulima Urambo: Unachoma mbolea, mama! Chimba shimo, fukia, mwagia maji, usubiri mboji.

Mama Kuku: Shimo uchimbe wewe. Moshi wangu unafukuza mbu.

Mkulima Urambo: Na kifua cha jirani je?

Kijana wa Sikonge: Msiache marundo, jamani! Mimi niliacha langu siku nne. Nimeinama kulizoa, kitu kirefu cha kijivu kikateleza juu ya buti langu, kikainua kichwa usawa wa kiuno, kikaachama. Mdomo ndani mweusi kama masizi. Koboko! Niliganda, reki mkononi, hadi kikaingia kwenye mihogo.

Isevya Tabora: Uwiii! Hukukimbia?

Mama Kuku: Weka jiwe la nyoka nyumbani, lile la kubandika ukiumwa.

Muuguzi Mstaafu: Jiwe halivuti sumu mwilini, mwanangu. Ukiumwa usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Mguu utulie, ubebwe hospitali upesi.

Mkulima Urambo: Ndiyo maana nasema shimo.

Kijana wa Sikonge: Sasa nageuza rundo kwa mti mrefu kwanza. Kufagia sijaacha, nikiacha silali.

Mama wa Kibirizi: Baba wa Mwanga, nimerudi kusoma yako mara mbili. Huo mchaichai unagawa?

Baba wa Mwanga: Nagawa. Njoo Jumamosi mapema, uje na ndoo, nitakung'olea na mizizi yake.