Chuo kikuu binafsi Tabora: makato yanakatwa, NSSF hayafiki!

Wakuu, kuna chuo kikuu binafsi hapa Tabora kinakufa huku tunaambiwa tatizo ni uchache wa wanafunzi. Huo ni nusu ya ukweli.

Wamepungua, sawa. Tangu TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, ilipoacha kupanga wanafunzi kwa mfumo mmoja mwaka 2017, kila mtu anaomba chuo akitakacho, na mwenye ufaulu mzuri anakimbilia Dodoma au Dar. Ualimu wa sanaa uliokuwa unajaza madarasa hauna tena ajira za uhakika. Lakini ada ya waliobaki inakwama kwa uzembe wa ndani. Mwalimu wa muda hajalipwa, anakalia mitihani bila kuisahihisha. Matokeo hayatoki, na bila matokeo Bodi ya Mikopo haitoi fedha za wanaoendelea. Yaani chuo kinasubiri fedha za Bodi ndipo kimlipe mwalimu, na fedha haziji kwa sababu mwalimu hajalipwa! Zikifika, zinamezwa na mishahara ya nyuma, muhula unaanza na sifuri. Wahasibu wanalijua hili. Msahihishaji alipwe kwanza. Malipo yake ni kidogo mno mbele ya ada ya darasa zima.

Kinachoniudhi zaidi ni makato. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haizidi 10. Kwenye slipu imekatwa. Ukiangalia taarifa ya michango, miezi mitupu. Mwenye mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, anakatwa asilimia 15, deni liko palepale. Hizo si fedha za chuo! Ni za mfanyakazi, zimechukuliwa bila ridhaa yake. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, nayo ikilimbikizwa, TRA wana mamlaka ya kuzifuata fedha benki, hata kama ni ada iliyoingia jana.

Wafanyakazi, chukueni taarifa ya michango, ambatanisheni slipu, mpeleke NSSF kwa barua na mgongewe mhuri kwenye nakala. Madai ya mshahara yanakwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kwa fomu namba 1 ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi ni siku 30 tu. Mkiambiwa "vumilieni hadi muhula ujao", siku hizo zinaendelea kuhesabika, na ukichelewa itabidi uombe kwanza kuongezewa muda, ombi ambalo linaweza kukataliwa.

Wadhamini nao watoe hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, zibandikwe ubaoni kabla hawajapandisha ada tena.