Kipima upepo cha shambani Singida: vikombe, mawimbi ya sauti au cha mkononi?

Mkulima_Sgd: Wakuu, salaam. Nina kisima kirefu shambani na nimechoka kununua dizeli ya pampu. Kabla sijaagiza mtambo wa upepo nataka nijue upepo wangu una nguvu kiasi gani. Nimeona vipimo vya aina tatu: vya vikombe vinavyozunguka, vya mawimbi ya sauti visivyo na kitu kinachozunguka, na vile vidogo vya kushika mkononi. Bei zinapishana mno. Nichukue kipi?

FundiVipimo: Cha mkononi kitoe mapema, mkuu. Kinakuambia upepo wa dakika ile uliyosimama, basi. Wewe unataka kifaa kinachonasa na kuhifadhi. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nishati inazidi mara nane. Chukua siku mbili: ya kwanza upepo ni mita 4 kwa sekunde kutwa kucha, ya pili nusu siku shwari, nusu siku mita 8. Wastani wa siku zote mbili ni 4, lakini ya pili ina nishati mara nne ya ya kwanza. Ukienda dukani na wastani peke yake, utauziwa chochote.

Mimi ningechukua vikombe vitatu, mshale wa mwelekeo, na kinasa data kinachoandika wastani wa kila dakika 10 pamoja na dharuba kali kuliko zote ndani ya dakika hizo.

Bi_Anga: Naona FundiVipimo anapenda vikombe kwa sababu anavijua 😄. Cha mawimbi ya sauti kinapima muda wa sauti kusafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha kurudi. Ikienda na upepo inawahi, ikipingana nao inachelewa. Tofauti hiyo ndiyo inayotoa kasi na mwelekeo kwa pamoja. Hakuna beringi ya kuchoka, na hata upepo mdogo usioweza kusukuma vikombe kinausoma. Vituo vya hali ya hewa vya mradi wa TAHMO vilivyotapakaa nchi kadhaa za Afrika vinatumia aina hii, maana kumpeleka fundi kila kona si mchezo.

Halafu vikombe vina tabia moja: vinashika kasi haraka kuliko vinavyoipunguza. Upepo ukiwa wa kushtukashtuka, wastani unasomeka juu kidogo kuliko ukweli.

Nahodha_Unguja: Huku kwetu chumvi ndiyo adui. Kusi likivuma miezi kadhaa, vikombe vya bei rahisi vinaanza kulia. Ujanja wangu: siku isiyo na upepo, vizungushe kwa kidole uvisikilize. Vikipunguza mwendo taratibu kimyakimya, vizima. Vikikwaruza au vikisimama ghafla, beringi imekwisha, na tangu siku nyingi imekuwa ikikupa namba za uongo. Mie siku hizi natumia kile cha pangaboi chenye mkia kama ndege. Kinajigeuza chenyewe kufuata upepo, na cha kampuni ya R. M. Young kinavumilia bahari.

FundiVipimo: @Bi_Anga, sikatai. Lakini Singida si Unguja, chumvi haipo. Na cha sauti kinataka umeme muda wote, tone la mvua au kiota cha nyigu kikikaa kwenye kihisio data inavurugika. Cha vikombe ndani kina sumaku na swichi tu. Cha kampuni ya Davis, kwa mfano, kinafunga swichi mara moja kila mzunguko. Ukihesabu mpigo mmoja kwa sekunde 2.25, huo ni upepo wa maili 1 kwa saa. Mtoto wa chuo anaweza kukiunganisha na Arduino (kibodi kidogo cha kompyuta kinachoweza kuhesabu mipigo) na kadi ya kumbukumbu.

Jamaa_Kajiado: Mnabishana kuhusu kifaa na hakuna aliyeuliza kitafungwa wapi! Kimo cha kawaida cha vituo vya hali ya hewa ni mita 10, mahali wazi, mbali na kizuizi angalau mara 10 ya urefu wake. Yaani mwembe wa mita 8, kaa mita 80. Ukikifunga juu ya bati la nyumba unapima misukosuko ya paa lako. Kwenye uwanda wazi, kutoka mita 2 hadi 10 kasi huongezeka karibu robo. Hela ya kifaa cha sauti afadhali uinunulie mlingoti na nyaya za kuushikilia.

Kijana_wa_Sola: Mimi nitauliza la kijinga: mbona usifunge sola tu? Singida jua lipo, pampu za sola zipo, na hakuna mlingoti wa kupanda.

Bi_Anga: Si la kijinga hata kidogo. Ila jua likizama pampu inalala, na upepo mara nyingine unavuma usiku. Ndiyo maana apime kwa mwaka mzima, saa kwa saa. Akipima kiangazi peke yake atadhani ana upepo wa ajabu.

Mkulima_Sgd: Nimeelewa. Basi vikombe na kinasa, mlingoti wa mita 10, mwaka mmoja. Pampu ya sola ndogo nitaanza nayo wakati nasubiri. Jamaa_Kajiado, mlingoti wa bomba la inchi mbili unatosha, au nyaya ziwe ngazi mbili?

Jamaa_Kajiado: Inchi mbili inatosha, nyaya ngazi mbili, pande tatu kila ngazi. Shina ulifunge kwa bawaba ili uweze kuulaza ukitaka kukagua vikombe. Na usisahau waya wa radi.