Acheni kudanganya wazee: Green Card hailindwi kwa "kugusa" Marekani kila miezi sita

Wakuu, imetosha. Kila mzazi akipata Green Card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, anamiminiwa ushauri uleule: kaa zako nyumbani, ila miezi sita isiishe kabla hujapanda ndege, lala kwa mwanao wiki mbili, geuza. Wanaomwaga huo ushauri hawapo pale uwanja wa ndege mama wa watu anapotolewa kwenye foleni na kupelekwa chumba cha pembeni.

Hakuna sheria inayosema ukirudi ndani ya miezi sita uko salama. Siku 180 zina kazi nyingine: ukizipita, ofisa wa mpakani anaweza kukuchukulia kama mtu anayeomba kuingia upya, na hapo hata kosa la jinai la zamani linafukuliwa. Ukifikisha mwaka mmoja, kadi peke yake si hati ya kuingilia tena, na shirika la ndege linaweza kukukatalia kupanda. Ila hata ukitoka miezi minne tu, swali ni lilelile: makao yako yako wapi, na huko ulikotoka ulikuwa umetembea au umehamia?

Hili si jambo jipya. Mwaka 1975 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya Marekani iliamua shauri la Kane. Mhusika alikuwa anaendesha nyumba ya wageni Jamaica, anakaa huko kama miezi kumi na moja kila mwaka, kisha anakuja Marekani mwezi mmoja. Ukaazi ukapotea. Ni mchezo uleule mnaowafundisha wazee leo!

Ofisa anataka kujua umeondoka kwa sababu gani, na sababu hiyo ina mwisho unaojulikana au haina. Kumuuguza mgonjwa au kusimamia mirathi kunaeleweka, ukiwa na karatasi. Atauliza tiketi ya kwenda na kurudi ilikatiwa upande gani. Tiketi iliyoanzia nje, yenye siku kumi tu za kukaa Marekani, inajieleza yenyewe. Atauliza nyumba, kazi, akaunti ya benki, leseni. Na kodi: mkazi anajaza fomu 1040 hata kama kipato chote kimetoka nje. Ukijaza 1040-NR umeiandikia serikali kwa mkono wako kwamba wewe si mkazi. Wapo wanaoshauri hivyo ili mtu alipe kidogo, na mimi nawaita wauaji wa kadi za watu.

Anayejua atakuwa nje muda mrefu aombe kibali cha kuingia tena, fomu I-131. Ada ni dola 630 tangu Aprili 2024. Hapa ndipo watu wanapoponzwa: siku ombi linapowasilishwa lazima mwombaji awe ndani ya Marekani kwa mwili wake. Mtoto akimtumia mzazi maombi wakati mzazi yuko nje, ombi linakataliwa na hela imekwenda. Baada ya hapo subiri barua ya alama za vidole, nenda siku uliyopangiwa, ndipo usafiri. Ukiondoka kabla ukaikosa ile miadi, ombi linahesabika umelitelekeza. Kibali chenyewe kinaweza kuchelewa sana, lakini si lazima ukisubiri Marekani. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuomba kitumwe ubalozini.

Kinadumu miaka miwili na hakiongezwi muda; ukitaka kingine unarudi Marekani kuomba upya. Aliyekaa nje zaidi ya miaka minne katika mitano iliyopita kwa kawaida anapewa mwaka mmoja tu. Kikiwa hai, ofisa hawezi kusema umeutupa ukaazi kwa sababu ya urefu wa safari peke yake. Sababu nyingine bado anaweza kuzitumia.

Na msiwaambie watu kwamba kibali hicho kinalinda njia ya uraia. Hakilindi. Ukitoka mwaka mzima, mfululizo wa ukaazi unaotakiwa kwa uraia umekatika, kibali unacho au huna. Zaidi ya miezi sita inadhaniwa umekatika mpaka uthibitishe vinginevyo. Tena bado unadaiwa miezi 30 ya kuwepo ndani ya Marekani katika miaka mitano kabla ya kuomba uraia.

Linalouma kuliko yote ni fomu I-407. Mzee ametoka safari ya saa ishirini, Kiingereza cha kubahatisha, anawekewa karatasi anaambiwa asaini ili mambo yaishe. Ile ni hati ya kuuacha ukaazi kwa hiari! Hakuna anayeweza kumlazimisha kuisaini. Aseme hasaini, anaomba kwenda mbele ya jaji wa uhamiaji. Atapewa hati ya wito, na huko serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba aliuacha ukaazi. Mpaka amri ya mwisho itoke yeye bado ni mkazi, na kadi ikichukuliwa ana haki ya kupewa uthibitisho mwingine wa ukaazi wake.

Aliyekwama nje zaidi ya mwaka bila kibali amebakiwa na viza ya SB-1, ya mkazi anayerudi: fomu DS-117, dola 180, ubalozini. Anatakiwa aonyeshe kwamba aliondoka akiwa na nia ya kurudi na kwamba kilichomchelewesha hakikuwa ndani ya uwezo wake. Rekodi za hospitali zenye tarehe, sawa. "Nilikuwa najenga" haimfikishi popote.