Huyu mwenye muziki aliyeniita "Shemeji Masufuria" KWENYE MAIKI, leo namwaga yote

Santuri Mkononi:
Wakuu, habari za saa hizi. Nimetoka ukumbini, suti bado ninayo mwilini, naandika hivihivi kabla hasira haijapoa.

Simtaji jina kwa sababu mnamjua. Yule mwenye muziki wa kukodi, anayevaa miwani ya giza saa nne usiku, spika zake zinajaza fuso, na ukimuuliza chochote jibu ni "mimi niko kwenye hii fani siku nyingi". Huyohuyo. Mkishamkumbuka tuendelee.

Leo wakwe zangu wametimiza miaka 50 ya ndoa. Baba mkwe ni mtu wa zilipendwa, tena si zile za kwenye flashi zilizorekodiwa redioni na tangazo la sabuni katikati. Yeye ni mtu wa sahani. Nikajitolea mwenyewe: nitabeba mashine yangu ya santuri na sahani za Morogoro Jazz, mzee acheze na bibi harusi wake. Mke wangu akanisifia mbele ya dada zake. Yaani nilipandishwa juu kabisa ili nidondoke vizuri.

Kufika, nikamkabidhi bwana mkubwa waya mwekundu, mweupe, na ule mwembamba wa ethi. Nikamwambia kaka, mashine nimeshaiweka PHONO, ichomeke tundu la PHONO kwenye miksa, funga na ethi isije ikavuma, basi. Nikaenda kusalimia wazee. Kumbe huku nyuma kaiona ile swichi ndogo ya mgongoni mwa mashine, kaipeleka LINE, yaani mashine ikuze sauti yenyewe kabla haijafika kwenye miksa. Kwa nini? Kwa sababu ipo! Kuna watu Mungu amewanyima uwezo wa kuona swichi wakaiacha!

Nikaweka sindano. Wakuu. Kilichotoka mle si muziki, ni dagaa wanakaangwa juu ya bati. Besi imevimba, magitaa hayajulikani yaliko, mbwa wa Tabata nzima wamehama. Taa za miksa nyekundu tupu na hakuna aliyeongeza kitu. Bwana mkubwa akashusha masta, ile sauti kuu ya mwisho kwenye miksa. Mpasuko ukabaki uleule, ila sasa unapasuka kwa upole. Hapo mtu yeyote mwenye masikio anajua kwamba sauti inaharibikia mwanzo kabisa, huko masta inafika ikiwa imeshakufa. Nikainama nikamnong'oneza sikioni: kaka, rudisha ile swichi ya mgongoni.

Akanitazama (nadhani, maana miwani), akachukua MAIKI. Mimi nimenong'ona, yeye kachukua maiki:

"Ndugu wageni waalikwa, tunaomba radhi. Muziki hauna tatizo. Tatizo ni masufuria ya shemeji."

MASUFURIA. YA. SHEMEJI. Kwenye spika za kujaza fuso! Na kinachoniuma zaidi, hiyo sentensi ilitoka safi kabisa, haikupasuka hata herufi moja!

Ukumbi ukalipuka. Wamecheka mashemeji, wamecheka wahudumu, amecheka mpaka mlinzi wa getini ambaye hata kadi hana. Baba mkwe alijikaza, lakini mabega niliyaona. Jamaa akachomeka flashi yake, sahani zangu zikarudi kwenye begi. Sasa hivi kwenye grupu la familia naitwa Shemeji Masufuria, na aliyeanza ni mama mkwe.

Nauliza tu wakuu. Kwenye maiki?

Kokoto:
Hahahaaa masufuria ya shemeji! Pole mkuu, ila jamaa ana kipaji. Hapo kwenye muziki anajichelewesha.

Mzee wa Gongo la Mboto:
Namjua huyo. Kipaimara cha mwanangu aliunguza twita zake mwenyewe akasema ni unyevunyevu wa Bahari ya Hindi. Gongo la Mboto!

Dada Msemakweli:
Nimesoma mpaka mwisho natafuta picha ya masufuria. Uzi hauna picha, nalala.

Fundi Waya:
Tuweke utani pembeni kidogo, mleta uzi yuko sahihi. Umeme unaotoka kwenye sindano ni mdogo mno, milivolti tano hivi. Ndiyo maana tundu la PHONO lina kikuza sauti chake ndani ya miksa. Kinauzidisha kama mara mia, halafu kinairudishia besi, kwa sababu wakati wa kuchonga sahani besi hupunguzwa ili mifereji isiwe mipana. Sasa mashine yako ikiwa LINE, kazi hiyo imeshafanyika humohumo ndani ya mashine. Ukiichomeka PHONO inafanyika mara ya pili. Lazima ipasuke na lazima besi ivimbe, na masta utaishusha mpaka kesho. Ingekuwa kinyume chake, yaani mashine PHONO na tundu LINE, ungepata kisauti chembamba cha mbali, lakini kisingepasuka. Kwa hiyo dalili zako zinaonyesha kabisa nani kagusa nini.

Kokoto:
Kwa maana hiyo kitaalamu ni masufuria kweli. Muziki umepikwa mara mbili.

DJ Mstaafu:
Vijana mnanichosha. Mashine yenye swichi mgongoni ni ya sebuleni, ya kuwekea na kitambaa juu. Sisi tumepiga na Technics SL-1200MK2, toleo la 1979, hiyo swichi haina, kwa hiyo mwenye muziki hana cha kuchokonoa. Halafu mimi nasema ni SINDANO. Ulifuta vumbi? Mkono umeuwekea gramu ngapi? Sindano nyingi za DJ zinataka gramu tatu hivi. Ukiuacha mwepesi, sindano haikai kwenye mfereji, inacheza cheza, na kila besi ikipita unasikia kra kra.

Santuri Mkononi:
Mkuu, sindano nimeipiga brashi, mkono nimeupima kwenye kimizani, na asubuhi nyumbani imeimba mpaka jirani kaja kuuliza. Ni swichi! Na hata ingekuwa sindano, hata ingekuwa sahani imepinda, ndiyo uchukue MAIKI? Mbele ya mtu aliyenipa binti yake?

Mwana wa Kongowea:
Mbaraka Mwinshehe, aliyetamba na hiyo Morogoro Jazz, alifia huku kwetu Mombasa, 1979. Nyinyi leo mwamuua mara ya pili Tabata.

Dada Msemakweli:
Nimeshindwa kulala. Mama mkwe ndiye alianza? Jamani huyo mama namtaka, nitaolewa hata na kaka yake mkeo.

Mama Pilau:
Samahani mleta uzi, hayo masufuria unakodisha? Natafuta makubwa mawili ya kilo ishirini ishirini, Jumamosi.

Santuri Mkononi:
Dada yangu, soma uzi.

Mama Pilau:
Nimesoma kichwa cha habari. Bei gani?

Mzee wa Gongo la Mboto:
Tena wenye muziki wana nafuu. Wapiga picha je? Wa kwangu nilimlipa pesa yote mapema, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mapenzi yetu. Nikipiga simu "mzee ziko kwenye kompyuta". Video imekuja, robo saa nzima ni paa la kanisa kutoka angani. Mwanangu namwona mara moja, kapewa mgongo.

Kokoto:
MC je? Watu hatujala tangu mchana, yeye "tupige makofi kilo moja, kilo mbili". Kilo zitoke wapi, tumboni hakuna hata robo!

Santuri Mkononi:
Wakuu tusitoke kwenye mada. Jamaa alichukua maiki.

Baba Kamati:
Mimi kero yangu ni wapishi. Sisi kamati tunachangisha mpaka watu wanatublock, halafu siku ya siku pilau linafika meza za nyuma likiwa wali wa kahawia. Nyama imeishia meza kuu. Mwaka jana Kimara ndafu imekuja mbele ya maharusi HAINA PAJA. Mbuzi mzima kavalishwa karoti mdomoni, kasimama kwa mguu wa hisani.

Mama Pilau:
Subiri. Kimara, ukumbi wenye mapazia ya zambarau?

Baba Kamati:
Eeh.

Mama Pilau:
Kumbe ndiyo wewe! Mlileta bajeti ya watu mia mbili, wakaja mia tatu na watoto wao, na salio langu mpaka leo mnanizungusha! Wali wa kahawia ulioula ndiyo huo uliolipia!

Baba Kamati:
Salio lilikatwa kwa sababu ya paja, mama. Iko kwenye kumbukumbu za kikao.

DJ Mstaafu:
Mimi bado nasema ni sindano.

Mama Pilau:
Kumbukumbu gani! Paja muulize mwenyekiti wako. Alipita jikoni saa kumi na mbili jioni anasema anakuja "kukagua", mkononi ana hotipoti.

Fundi Waya:
Aisee. Hapa sasa na mimi nakaa kusoma.

Baba Kamati:
Hotipoti ya rangi gani?

Mama Pilau:
Ya kijani, kifuniko cheupe.

Baba Kamati:
Ngoja nimpigie mkewe.