Mrejesho: siku zetu tatu za kwanza Morisi

Ndugu zangu, niliuliza kama mimi na mume wangu tukodi gari Morisi au tupande mabasi. Wengi mlisema mabasi, tukafuata. Asanteni sana.

Tumefikia Mahébourg, mji wa pwani karibu na uwanja wa ndege, kwa hiyo hatukupoteza siku ya kwanza njiani. Jumatatu tukaenda gulioni. Dholl puri, jamani! Ni kama chapati nyembamba mno, ndani ina dengu za kusagwa, inapakwa mchuzi wa maharage na chatine ya pilipili. Mume wangu alikula nne.

Jana ilikuwa Le Morne, mlima wa mita 556 ambako watumwa waliotoroka walijificha. Wengi wa watumwa wa kisiwa hiki walitoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Nilisimama chini yake machozi yakanilenga. Uliyeniambia nisiondoke bila kufika pale, Mungu akubariki.

Ila kwa safari hiyo mabasi yalituchosha. Siku hiyo moja kodini gari. Wanaendesha kushoto kama kwetu. Na Julai hii jioni kuna upepo wa baridi, bebeni sweta.