Amemeza dawa za kulevya, yuko mahututi: tuanze na dripu au na simu ya polisi?

Mleta mada (Kampemba): Ndugu zangu wa Lubumbashi, swali hili limetununisha kazini. Mtu ameshuka uwanja wa ndege wa Luano na vifuko vya kokeini tumboni, hamsini, hata mia, na kimoja kimepasuka. Mimi ni muuguzi, nasema: tibu, polisi usimwite. Heroini ina dawa ya kuikata, naloksoni; kokeini haina. Ikimwagika, ni kutuliza degedege kwa diazepamu na kumkimbiza kwenye upasuaji. Radio (eksirei) ya tumbo inaweza isionyeshe kila kifuko, kwa hiyo idadi anayo yeye peke yake. Akihisi kuna askari mlangoni atakuambia amekula sombe (majani ya muhogo) iliyolala, nawe utatibu sombe.

Yaya wa Ruashi: Mnawalea hao! Mtoto wa dada yangu ameharibiwa na unga huohuo. Tena mama mwenye uchungu anaambiwa atangulize pesa ndipo apasuliwe. Huyu mnampasua kwa pesa ya nani?

Mleta mada: Yaya, kwenye pesa umenishika. Sina jibu. Ila kumdai yule mama ni kosa, na kosa hilo halipungui huyu akifa.

Mwanafunzi wa sheria (Kamalondo): Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 18: hata mfungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai, afya na utu wake. Na kifungu cha 73 cha sheria ya adhabu kinamwadhibu anayetoboa siri ya kazi yake, isipokuwa ameitwa kutoa ushahidi au sheria inamlazimisha. Akiletwa na polisi, siri gani tena? Akiletwa na mke wake, ni habari nyingine.

Yaya wa Ruashi: Sawa, mwanasheria. Na vifuko vikitoka, vinaenda wapi? Sokoni, hapa mtaani Kenya?

Mleta mada: Hapo umegusa penyewe. Maana wengi hawapasuliwi. Asiye na dalili analazwa, anapewa dawa ya kusafisha tumbo (si mafuta ya parafini, yanaharibu mpira wa kifuko), tunangoja mpaka hesabu itimie. Basi vifuko vinabaki mikononi mwetu. Mimi nataka viandikwe na kukabidhiwa bila jina la mgonjwa. Munganga (daktari) wetu anakataa: ukikabidhi, wataulizia tumbo vilikotoka. Tangu juzi hatusalimiani vizuri.

Yaya wa Ruashi: Mimi niko na munganga kwenye hilo, ingawa sababu zangu ni nyingine.